Barghash: Sultani aliyeunda upya meli zake, akapoteza bara

Msafiri atokaye Kaloleni mjini Voi kuelekea Taveta hupita katika nchi ambayo mwaka 1885 ilidaiwa na Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliyeamini kwamba urafiki wake na Waingereza ungemlindia bara na bahari.

Barghash alikalia kiti Oktoba 1870, miaka 11 baada ya jaribio la kumpindua kakake, Seyyid Majid, kushindwa na yeye kuhamishiwa Bombay. Aprili 1872 tufani iliikumba Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi, na kuziangamiza meli zake bandarini. Mtawala wa pwani ndefu namna ile akabaki takriban bila chombo.

Msaada ulitoka Uingereza, taifa lile lile lililomshurutisha mwaka 1873 kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa. Kampuni ya William Denny and Brothers ya Dumbarton, Uskochi, ilimuundia manowari, Glasgow, iliyoshushwa majini 1878 ikiwa na milingoti mitatu, injini ya mvuke na mizinga saba. Iligharimu pauni 32,735. Yasemekana haikumpendeza, na muda mwingi ilitia nanga tu mbele ya mji. Alizijali zaidi meli za mizigo za mvuke, miongoni mwazo Nyanza na Kilwa, na pengine hakukosea, kwani hizo angalau zilifanya kazi.

Askari wake wa nchi kavu walifunzwa tangu 1877 na Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Wajerumani walipoanza kudai bara, Mathews ndiye aliyetumwa Kilimanjaro mwaka 1885, na machifu wa Uchagga na Taita wakaikubali bendera nyekundu ya Sultani.

Haikufaa kitu. Agosti mwaka huo manowari za Ujerumani ziliingia Unguja na kulielekezea kasri mizinga. Glasgow haikufyatua hata kombora moja. Barghash aliwageukia Waingereza, wakamshauri akubali. Mwaka 1886 London na Berlin ziligawana bara: Taveta ikaangukia upande wa Waingereza, Uchagga wa Wajerumani, naye Sultani akaachiwa visiwa, ukanda wa pwani wa maili 10 na miji michache ya kaskazini.

Alifariki Machi 1888. Manowari yake ilizamishwa na Waingereza wenyewe Agosti 27, 1896, katika vita visivyofika saa moja, na milingoti yake ikaendelea kuchomoza majini hadi 1912.