Dokta Williamson wa Mwadui: aliyesoma udongo hadi akafika kwenye alimasi

Ukiwa Maganzo, muulize mzee yeyote Mwadui ilianzaje. Wengi watakusimulia habari ya mzungu aliyepumzika chini ya mbuyu, akaona jiwe linang'aa, akawa tajiri siku hiyohiyo. Ni hadithi tamu, msikilizaji wetu, lakini inaficha miaka ya kazi ngumu.

John Thorburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec, Kanada. Alisoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill hadi shahada ya uzamivu, ndiyo maana aliitwa Dokta. Miaka ya 1930 alikuja Afrika, akaanzia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaingia Tanganyika kufanya kazi katika mgodi mdogo wa alimasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza. Kampuni ilipoona mgodi haulipi, ikakata tamaa. Williamson akabaki, huku malaria inamsumbua na madeni yanaongezeka. Mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia na baadaye akawa mshirika wake.

Swali lake lilikuwa moja: alimasi hizi chache zilizotawanyika zimetoka wapi? Alimasi hupandishwa juu na mwamba wa volkano uitwao kimbalaiti, unaopanda kutoka chini sana kama maji kwenye bomba. Mwamba huo ukiliwa na mvua na jua kwa miaka mingi, hulainika na kufunikwa. Juu unaona shamba tu. Lakini huacha punje nzito za madini mengine, kama ilmenaiti, ambazo ni nyingi kuliko alimasi yenyewe. Basi unachimba vishimo, unachekecha udongo, unahesabu punje, unaandika. Zikiongezeka, unakaribia; zikipungua, umepotea njia. Kazi ya kuchosha, na vijana wa Kisukuma ndio waliobeba machepe na machekecheo.

Machi 1940 njia hiyo ilimfikisha Mwadui. Bomba lililokuwa chini ya mashamba lina ukubwa wa takriban hekta 146, miongoni mwa makubwa zaidi duniani yaliyowahi kuchimbwa.

Nasimulia haya kwa sababu wasikilizaji wengi hutupigia simu wakiuliza kuhusu watu wanaopita mashambani na vifuko vya udongo. Wanaotafuta dhahabu iliyofukiwa hutumia akili ileile. Dhahabu yenyewe ni chache mno kuonekana, hivyo udongo huchukuliwa kwa mistari, kila baada ya mita kadhaa, ukapimwe maabara kama una chembe za dhahabu au madini yanayoandamana nayo, kwa mfano aseniki. Wengine hubeba kipimo cha usumaku, maana katika maeneo kama Geita dhahabu hukaa pamoja na miamba ya chuma, na chuma huvuta sumaku. Wengine hupitisha umeme ardhini wasome mwamba unavyoupokea. Vipimo hivyo havionyeshi dhahabu. Vinaonyesha pa kuchoronga. Kwa hiyo kifuko cha udongo kutoka shambani kwako si ushahidi kwamba una utajiri, na asiuze mtu ardhi kwa bei ya hofu wala ya tamaa. Omba kuona leseni, mshirikishe mwenyekiti wa kijiji, na kama wanataka kufanya kazi karibu na nyumba au mazao yako, wakupe karatasi usaini ndipo waanze.

Tumrudie Dokta. Mwadui ikawa mji wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 ilipatikana alimasi ya waridi ya karati 54.5, karibu gramu 11, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Ilipokatwa ilibaki karati 23.6. Wazee hapa bado huuliza zawadi ile ilikuwa ya nani kuitoa, na mimi naona ni swali halali.

Yeye mwenyewe hakuoa. Saratani ya koo ilimwua Januari 1958, akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo warithi wake waliuza mgodi, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Hadi leo watu wengi huuita kwa jina lake.