Bwana Haddow na Wakamata Mbu wa Msituni

Mfugaji wa Endagikot, kule Mbulu, hahitaji kufundishwa hasara ya ng'ombe anayetupa mimba. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 zilipoleta homa ya Bonde la Ufa, mkoa wa Manyara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Mifugo ilitupa mimba, ndama na wana-kondoo wakafa, na kufikia katikati ya mwaka 2007 watu zaidi ya 100 walikuwa wamepoteza maisha katika Tanzania. Walio hatarini zaidi ni wachungaji, wakamuaji na wachinjaji, kwani virusi vya homa hiyo humwingia mtu kwa damu ya mnyama mgonjwa, kama vile viingiavyo kwa kuumwa na mbu.

Kwamba mbu anahusika, madaktari wa mifugo wa Kenya walishuku tangu mwaka 1931, walipougundua ugonjwa huo karibu na ziwa Naivasha. Kumkamata mbu wa porini mwenye virusi hivyo mwilini ni kazi nyingine, nayo ilikamilishwa Uganda na watu watatu: Smithburn, Gillett na Alexander John Haddow. Ni huyu wa tatu tunayemzungumzia leo.

Haddow alizaliwa Uskochi mwaka 1912, akasomea elimu ya wanyama na udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Kwanza alifanya kazi Kisumu, ambako alichunguza mbu waingiao katika nyumba za wananchi usiku. Mwaka 1942 akahamia Entebbe, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Homa ya Manjano, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za shirika la Rockefeller la Marekani.

Fumbo lililomkabili lilikuwa Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori. Damu ya wenyeji wengi ilionyesha kuwa waliwahi kupatwa na homa ya manjano, na damu ya kima vile vile. Lakini hapakuwa na mlipuko wa ugonjwa uliojulikana. Basi ilipitia wapi? Haddow aliamua kwamba jibu halitapatikana mezani. Majukwaa ya mbao yalijengwa juu ya miti mirefu, watu wakakaa humo kwa zamu, saa 24 mfululizo, wakiwanasa katika vijichupa vya kioo mbu waliokuja kuwauma, na kuandika saa na kimo cha kila mmoja. Ndivyo ilivyojulikana kuwa mbu aitwaye Aedes africanus huuma zaidi juu ya miti baada ya jua kuchwa, wakati kima wanapolala. Kima hao wakishuka kuiba ndizi, huumwa na mbu mwingine, azaliwaye katika maji yanayotuama kwenye makuti ya migomba. Naye ndiye amwumaye mkulima. Njia ikawa wazi, kutoka kileleni hadi shambani.

Hapa twapaswa kusema neno. Wengi wa waliokaa juu ya miti ile walikuwa vibarua Waafrika, nao walitoa miili yao iwe chambo. Dhidi ya virusi visivyojulikana bado hapakuwa na chanjo wala dawa. Maandishi ya kitaalamu yalitolewa kwa majina ya mabwana wa maabara. Majina ya wakamata mbu hayakutangulia maandishi hayo. Haddow mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa ofisini, na msituni aliingia. Lakini hesabu zake zote zilisimama juu ya mikono ya watu hao.

Mwaka 1944, katika msitu wa Semliki usiokaliwa na watu, mbu waliokamatwa walipatikana na virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Kutokana na virusi hivyo Smithburn alitengeneza chanjo ya mifugo, iliyotumika Afrika kwa miaka mingi sana.

Ajabu nyingine ilitokea karibu na Entebbe. Aprili 1947 kima wa Asia, aliyewekwa kizimbani juu ya mti katika msitu wa Zika ili achunguzwe kwa homa ya manjano, alipatikana na virusi vipya kabisa. Januari 1948 virusi hivyo hivyo vikapatikana katika Aedes africanus wa msitu huo. Dick, Kitchen na Haddow walivieleza mwaka 1952, na wachache walijali. Mwaka 2015 ndipo ulimwengu ulipolijua jina la Zika, watoto wa Brazili walipozaliwa na vichwa vidogo.

Haddow aliongoza taasisi hiyo tangu mwaka 1953 hadi 1965. Ni mwaka huo wa kwanza ambapo wataalamu wa Entebbe walipata, katika damu ya wagonjwa wa Newala, virusi vya ugonjwa ambao Wamakonde walikuwa wamekwisha kuupa jina: chikungunya, maana humkunja mtu kwa maumivu ya viungo. Na mwaka 1960 mnara wa chuma wa futi 120 ulihamishiwa Zika kutoka msitu wa Mpanga, ili wakamata mbu wapande kwa ngazi imara.

Alirudi Glasgow kufundisha, na kupiga zumari za Kiskochi, ambazo alizichunguza kwa bidii ile ile aliyowachunguzia mbu. Alifariki mwaka 1978. Mwaka mmoja kabla, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, na taasisi ya Entebbe ikawa ya Uganda.