Blundell Bankart

Arthur Sydney Blundell Bankart (1879 – 1951) alikuwa daktari mpasuaji wa mifupa kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kueleza, mwaka 1923, kwa nini bega lililoteguka mara moja huweza kuendelea kuteguka tena na tena, na kwa upasuaji aliouanzisha ili kulitengeneza. Jeraha lenyewe na upasuaji wake vyote huitwa kwa jina lake hadi leo.

Maisha

Alizaliwa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, James Bankart, alikuwa mpasuaji katika mji huo. Mtoto alisoma katika shule ya Rugby, kisha Chuo cha Trinity huko Cambridge, na mafunzo ya udaktari aliyamalizia katika hospitali ya Guy's mjini London.

Wakati huo upasuaji wa mifupa ulikuwa haujawa fani inayojitegemea. Mpasuaji yuleyule aliyetoa uvimbe tumboni asubuhi aliweza kuunga mfupa wa mguu jioni. Bankart alikuwa mmoja wa vijana waliochagua mifupa na viungo kuwa kazi yao ya maisha. Alifanya kazi katika Royal National Orthopaedic Hospital, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akawa mpasuaji wa mifupa wa kwanza wa Middlesex Hospital. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wapasuaji wa mifupa wa Uingereza kilichoundwa mwaka 1918, na baadaye alikuwa rais wake.

Hakushughulika na bega peke yake. Alifanya pia upasuaji wa uti wa mgongo, na mwaka 1932 alitoa kitabu kiitwacho Manipulative Surgery kuhusu kunyoosha viungo kwa mikono, kazi ambayo madaktari wengi wa enzi zake waliiachia wakandaji wasiosomea tiba.

Tatizo la bega

Ili kuelewa mchango wake ni lazima kwanza kuelewa kiungo chenyewe. Nyonga ina shimo lenye kina, na kichwa cha mfupa wa paja huzama humo. Bega halina shimo la namna hiyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha duara, ilhali sehemu ya kombe la bega inayokipokea ni ndogo na karibu bapa, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha chai. Ndiyo sababu mkono huweza kuzunguka pande zote, na ndiyo sababu pia huchomoka upesi. Kinachokizuia kichwa kisiteleze ni misuli, kifuko cha kiungo pamoja na kano zake, na ukingo wa gegedu unaozunguka kisahani na kukiongezea kina kidogo.

Kulirudisha bega lililoteguka ni jambo lililojulikana tangu kale. Shida ilikuwa kwa wale ambao bega lao liliteguka tena kwa sababu ndogo tu, kama kuvaa koti, kutupa mpira au kujigeuza kitandani. Hippokrates wa Ugiriki ya kale alieleza namna ya kuwachoma kwapani kwa chuma cha moto ili kovu likaze ngozi na nyama za chini. Kabla ya Bankart wapasuaji wengi waliamini kwamba kifuko cha kiungo kimelegea, kwa hiyo walikikunja na kukishona kiwe kidogo, au walihamisha misuli ikishikilie kichwa cha mfupa. Baadhi ya wagonjwa walipona. Wengine walirudi na bega lilelile.

Ugunduzi wa 1923

Mwaka huo Bankart alimpasua bega daktari kijana aliyewahi kuwa msaidizi wake hospitalini. Alipofungua kiungo hakukuta kifuko kilicholegea. Alikuta ukingo wa gegedu umeng'oka kutoka kwenye mfupa upande wa mbele, pamoja na kifuko kilichoshikana nao, na hapo pakabaki nafasi ambayo kichwa cha mfupa kilipitia kila mara. Mwezi Desemba alichapisha makala fupi katika jarida la British Medical Journal akieleza wagonjwa wanne.

Hoja yake ilikuwa hivi. Mtu anapoteguka kwa njia ya kawaida, kichwa hupasua kifuko na kutoka, na mpasuko huo hupona wenyewe. Lakini anapoangukia kiwiko au nyuma ya bega, kichwa husukumwa mbele na kuukwangua ukingo kutoka kwenye mfupa. Gegedu lililoachana na mfupa halishiki tena lenyewe. Aliona kwamba wanaopatwa na jambo hili mara nyingi ni wanamichezo na watu wenye kifafa.

Upasuaji wake ulifuata hoja hiyo moja kwa moja. Alikata ncha ya korakoidi, yaani kijifupa cha kombe la bega kinachochomoza mbele kama mdomo wa kunguru, akaishusha pamoja na misuli yake ili apate njia. Kisha alitoboa matundu kwenye ukingo wa mfupa na kushonea hapo kifuko kilichong'oka. Mwishoni aliirudisha korakoidi mahali pake. Ilikuwa kazi ngumu, kwani mahali penyewe pana kina na ni pembamba.

Mwaka 1938 alitoa taarifa ya wagonjwa 27 na kusema kwamba hakuna aliyeteguka tena. Katika makala hiyo aliwashambulia vikali wenzake waliozidi kubuni njia nyingine bila kugusa jeraha lenyewe. Pengine alizidisha kudai kwamba jeraha ni moja tu kwa kila mgonjwa, lakini matokeo yalimpa nguvu. Mwaka 1978 Carter Rowe wa Boston, Marekani, alieleza mabega 145 yaliyotengenezwa kwa njia hiyo. Yaliyoteguka tena hayakufikia hata asilimia 4.

Nani wa kwanza?

Bankart hakuwa wa kwanza kuliona jeraha hilo. Broca na Hartmann wa Ufaransa walilieleza mwaka 1890, na Georg Perthes wa Ujerumani mwaka 1906 aliandika pia juu ya kushona kifuko kwenye mfupa. Kwa haki, Wajerumani hutumia majina yote mawili, Perthes na Bankart. Bankart ndiye aliyelifanya jambo hilo likubalike kwa wapasuaji wengi.

Mfupa uliopotea

Jambo ambalo Bankart hakulipa uzito wa kutosha ni mfupa. Mwaka 1940 Hill na Sachs, madaktari wa eksirei wa Marekani, walieleza bonde linalobaki nyuma ya kichwa cha mfupa baada ya kugongana na ukingo wa kisahani. Kisahani nacho humeguka au kulika mbele kila bega linapochomoka, hata kikabaki chembamba. Gegedu likishonwa vizuri kwenye kisahani kilichopungua, chungwa bado litaporomoka.

Mwaka 1954 Michel Latarjet wa Lyon, Ufaransa, aliichukua korakoidi, kijifupa kilekile ambacho Bankart alikikata ili apite na kukirudisha, akakifunga kwa skrubu kwenye ukingo wa mbele wa kisahani. Kisahani kikapata upana, na misuli iliyoshikana na kijifupa ikawa kama mkanda wa kuzuia kichwa. Mwaka 1958 Arthur Helfet wa Cape Town, Afrika Kusini, alieleza njia inayofanana na hiyo, akaipa jina la mwalimu wake Bristow.

Upasuaji wa Bankart ulipoanza kufanywa kwa kamera ndogo kupitia matundu ya ngozi, swali la mfupa lilirudi kwa nguvu. Mwaka 2000 Burkhart wa Texas na De Beer wa Cape Town walichapisha matokeo ya wagonjwa 194. Kwa wasio na upungufu mkubwa wa mfupa, asilimia 4 waliteguka tena. Kwa wenye upungufu mkubwa, walikuwa asilimia 67. Tangu hapo wapasuaji hupima mfupa kwa skani ya CT kabla ya kuamua. Kwa muda mrefu upungufu wa asilimia 20 hadi 25 ya upana wa kisahani ndio uliohesabiwa kuwa mpaka wa kuhitaji kuongezewa mfupa, ingawa siku hizi wengi huushusha. Kipande cha ukingo kikimeguka pamoja na gegedu lake huitwa Bankart ya mfupa.

Bankart alifariki mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya makala ya Latarjet.