Mganga Aliyeanza Nyumbani Kwao

Wahenga walisema mganga hajigangi. Methali hiyo huwa tunaitumia kumcheka mshauri wa ndoa ambaye kwake hapakaliki, na mara nyingi hatuko mbali na kweli. Lakini palikuwa na daktari mmoja Mmarekani, jina lake Murray Bowen, ambaye maisha yake yaliipinga. Yeye aliona kwamba mganga asiyejaribu kujiganga, tena katika nyumba aliyozaliwa, hatafika mbali na familia za watu wengine.

Bowen alizaliwa tarehe 31 Januari 1913 huko Waverly, mji mdogo katika jimbo la Tennessee, akiwa kifungua mimba katika watoto watano. Wasomaji waliozaliwa wa kwanza wanaujua mzigo huo: kila kesi ya nyumbani huletwa kwako, na kila anayeileta anataka usimame upande wake. Kwao kulikuwa na biashara ya familia, na biashara ya familia, kama mjuavyo, huzaa maneno. Bowen alifanya kama wafanyavyo wasomi wengi. Aliondoka. Alihitimu udaktari mwaka 1937, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akatumikia jeshi miaka mitano. Nafasi ya kusomea upasuaji katika hospitali ya Mayo, yenye sifa kubwa, ilikuwa tayari inamngojea, lakini baada ya kuwaona askari waliovurugika akili aliiacha, na mwaka 1946 akaenda Topeka, jimbo la Kansas, kujifunza magonjwa ya akili katika kituo cha Menninger.

Siku hizo madaktari wa akili walimtibu mgonjwa peke yake. Jamaa zake walihesabiwa kama wageni wa saa ya kutazama wagonjwa, na pengine kama wasumbufu. Bowen hakuridhika. Mwaka 1954 alihamia Bethesda, karibu na Washington, katika taasisi ya serikali ya utafiti wa afya ya akili, na huko akafanya jambo lililowashangaza wenzake. Aliwalaza wodini wagonjwa wa skizofrenia pamoja na mama zao. Baadaye aliwaingiza na baba, na hata ndugu za mgonjwa, wakaishi humo kwa miezi mingi huku madaktari na wauguzi wakiwatazama.

Alichokiona humo kinawahusu bwana na bibi wote, wawe na mgonjwa au wasiwe naye. Wazazi wengi katika wodi ile walikuwa wameachana ndani kwa ndani, ingawa waliishi pamoja na kusema kwa adabu. Mtoto ndiye aliyejaza nafasi iliyobaki wazi kati yao. Baba na mama walipoanza kujaliana wenyewe kuliko walivyomhangaikia mtoto, hali ya mtoto ilielekea kupata nafuu. Walipotengana tena, alirudi chini. Tuna wazazi wangapi ambao kwa miaka kumi hawajazungumza lolote isipokuwa habari za watoto?

Kutokana na hayo Bowen aliunda fundisho lake la pembetatu. Watu wawili wakiwa na wasiwasi kati yao, humvuta wa tatu ili wapumue. Mume na mke hawaelewani juu ya karo Jumatatu, na kufika Jumatano mama mkwe ameshapata nusu ya habari, nusu ile inayompendeza anayesimulia. Wawili hupoa kidogo, lakini shauri lenyewe halijaguswa, na sasa kuna mtu wa tatu mwenye kinyongo.

Hapo ndipo daktari alipogeukia nafsi yake. Tangu alipokuwa Topeka alikuwa ameona jambo la ajabu: akisafiri mbali na kazi, aliweza kuona wazi jinsi wafanyakazi wenzake walivyovutana. Akirudi tu, naye alikuwa ameshaingia katika mvutano uleule, na uwazi wote umepotea. Nyumbani kwao Tennessee ilikuwa vilevile. Kwa miaka mingi alikwenda kuwatembelea jamaa zake akiwa na nia njema, na kila mara akajikuta ameshikamana na baadhi yao dhidi ya wengine. Aliyeweza kuzisoma familia za wengine alikuwa kwao mtoto wa kwanza tu, aliyevutwa huku na huku.

Mwaka 1966, wakati jamaa zake walipokuwa na mashaka juu ya biashara ile, alifanya mpango. Kabla ya safari aliwaandikia barua ndugu na wazazi, akimweleza kila mmoja waziwazi maneno ambayo wengine walikuwa wakiyasema kwa siri juu yake, na kwamba yeye mwenyewe anakuja. Bila shaka waliwaka hasira. Ndiyo, alikuwa amewachokoza kwa makusudi, na kwa maoni yangu dawa hiyo ni kali mno, wala msiijaribu. Yeye alikuwa amejiandaa miaka mingi. Lakini tazameni alivyokaa katikati ya moto ule. Walipokutana, hakujitetea, hakumshambulia mtu, hakukubali siri ya yeyote, na wala hakukimbia. Alibaki nao, akizungumza na kila mmoja na hata kutania. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfanya mwenzake wa siri, iliwabidi wasemezane wenyewe, na nyumba ikatulia.

Machi mwaka 1967, wataalamu wa familia walipokutana Philadelphia, Bowen alitazamiwa kusoma hotuba ya nadharia. Badala yake akawasimulia mambo ya kwao. Ukumbi mzima ulistaajabu, maana wataalamu walizoea kuzungumza juu ya familia za wagonjwa tu. Hotuba hiyo ilipochapishwa mwaka 1972 haikuwa na jina la mwandishi, kwa ajili ya kuwasitiri jamaa zake, na nadhani alifanya vyema.

Si wote waliokubaliana naye. Baadhi ya wanawake wa taaluma hiyo walimlaumu kwamba alithamini utulivu wa akili kuliko ukaribu na huruma. Lawama hiyo ina uzito, ingawa mwenyewe alisisitiza kwamba kujitenga na jamaa si uhuru, na kwamba anayekimbia kwao huibeba nyumba ile mpaka katika ndoa yake.

Tangu mwaka 1959 alikuwa akifundisha katika Georgetown, chuo kikuu cha Wajesuiti mjini Washington, na huko aliendelea na kazi mpaka alipofariki Oktoba 1990. Baada ya hotuba ya Philadelphia, madaktari vijana aliowafundisha walianza kwenda kwao, kila mmoja kwa baba na mama yake, kujaribu kusimama bila kuvutwa. Hakuwa amewatuma kwa ajili ya kazi ya hospitali. Lakini mwaka uliofuata aliona kwamba hao ndio waliokuwa hodari kuliko wenzao walipokaa mbele ya familia za wagonjwa.

Kisha akaona na la pili, ambalo hakulitafuta. Baadhi ya vijana hao walikuwa na wake au waume zao katika mafunzo hayo. Walizungumza juu ya wazazi na ndugu zao tu, kila mmoja upande wake, na ndoa yao wenyewe haikutajwa kabisa. Hata hivyo ndoa hizo zilitengemaa sawa na zile za watu waliokuja kwake kila juma kuzungumzia magomvi yao, na nyingine zikazipita.