Jenner: Daktari wa ndui aliyefichua siri ya kiota

WENGI humkumbuka Edward Jenner kwa chanjo ya ndui ya mwaka 1796. Hata hivyo, daktari huyo Mwingereza, aliyezaliwa Berkeley mwaka 1749, alijipatia sifa kwanza kwa kuchunguza viota.

Kekeo hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine, kisha huenda zake. Baadaye makinda wa mwenyeji hukutwa chini wamekufa. Wengi waliamini kwamba waliwatupa ni ndege wazima.

Juni 1787, Jenner alimshuhudia mhalifu halisi: kinda wa kekeo, angali kipofu, akimbeba mwenzake mgongoni, penye kijibonde maalumu, na kumsukumia nje. Kijibonde hicho hutoweka baada ya siku 12 hivi.

Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1788, na mwaka uliofuata Chama cha Kifalme cha wanasayansi, London, kikamfanya mwanachama. Baadhi ya wajuzi waliendelea kumbishia hata baada ya kifo chake mwaka 1823, hadi picha za filamu za karne ya 20 zilipomthibitisha.

Ndui, iliyotangazwa kutokomezwa mwaka 1980, aliikabili vivyo hivyo: alizichunguza imani za wakulima kabla ya kuzikubali.