A. M. Jeevanjee: Mfanyabiashara aliyeleta waliotandaza reli

WAKAZI wengi wa Nairobi hupumzika katika bustani ya Jeevanjee bila kujua kuwa mwenye jina hilo alichangia pakubwa kuanzishwa kwa reli iliyozaa jiji lenyewe.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856 katika familia maskini ya Kibohora. Alifika Mombasa mwaka wa 1890 kutafuta riziki katika biashara.

Serikali ya Uingereza ilipoamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, ilihitaji mikono mingi. Jeevanjee alipata kandarasi ya kuleta vibarua, waashi na wahunzi kutoka Bara Hindi, kisha akawauzia chakula na kuwajengea makao njiani.

Ujenzi ulianza mwaka wa 1896, ukafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Wahindi wapatao 32,000 walishiriki kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walifariki, wengi kutokana na maradhi. Jeevanjee alitajirika, lakini utajiri huo ulisimama juu ya jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka wa 1902 alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa, akaliuza mwaka wa 1905. Mwaka wa 1906 alitoa bustani hiyo kwa umma wa Nairobi.

Hata hivyo, mali haikumkinga dhidi ya ubaguzi. Wahindi walizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, ingawa ni wao waliotandaza reli iliyofikisha walowezi huko. Jeevanjee, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, alipinga dhuluma hiyo waziwazi hadi London.

Alifariki mwaka wa 1936. Mwaka wa 1991, mpango wa kujenga maegesho ya magari katika bustani yake ulizimwa baada ya mjukuu wake, Zarina Patel, kuongoza upinzani.

Tangu Mei 2017, treni za reli ya kisasa husafiri kati ya Mombasa na Nairobi kwa muda wa saa chache tu. Reli ya zamani imezeeka, lakini bustani ingali wazi kwa kila mpita njia, bila malipo.