Brilliana Harley

Brilliana Harley (takriban 1598 – Oktoba 1643) alikuwa mwanamke Mwingereza anayekumbukwa kwa barua zake na kwa kuongoza ulinzi wa ngome ya Brampton Bryan, mkoani Herefordshire, wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika mji wa Brielle, Uholanzi, ambao Waingereza waliuita Brill. Baba yake, Edward Conway, alikuwa naibu gavana wa kikosi cha Kiingereza kilichokaa huko, na jina la binti lilitokana na mji huo. Baadaye Conway alikuwa waziri wa mfalme James I.

Ndoa na familia

Mwaka 1623 aliolewa na Sir Robert Harley, mbunge aliyekuwa amefiwa na wake wawili. Walipata watoto saba: wavulana watatu na wasichana wanne. Wote wawili walikuwa Wapuritani, yaani Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza lifanyiwe marekebisho zaidi.

Kwa kuwa mume alikaa muda mrefu London bungeni, Brilliana alisimamia nyumba, mashamba na wapangaji. Alimwandikia mumewe mara kwa mara, na tangu mwaka 1638, mwana wao mkubwa Edward alipokwenda kusoma Oxford, alimwandikia yeye pia. Barua hizo zinahusu afya, vitabu, sala, chakula alichomtumia kijana na habari za siasa.

Vita

Vita kati ya mfalme Charles I na Bunge vilianza mwaka 1642. Familia ya Harley iliunga mkono Bunge, lakini karibu majirani wote wa Herefordshire walikuwa upande wa mfalme. Brilliana aliona hatari mapema akafikiria kuhama pamoja na watoto wadogo, lakini mumewe aliona ni afadhali abaki. Edward alijiunga na jeshi la Bunge akapigana chini ya jenerali William Waller.

Hali nyumbani ilizidi kuwa ngumu. Wapangaji waliacha kulipa kodi, mifugo ikachukuliwa, na watumishi walitishwa barabarani. Kwa kuhofia barua kukamatwa, aliandika nyingine kwa njia ya siri: msomaji alipaswa kuweka juu yake karatasi iliyotobolewa ili maneno ya kweli tu yaonekane.

Kuzingirwa kwa ngome

Tarehe 26 Julai 1643 wanajeshi wa mfalme wapatao 700, chini ya Sir William Vavasour, waliizingira ngome. Ndani walikuwamo watu wapatao 100, na nusu yao tu walikuwa askari. Mizinga iliharibu paa, na kanisa na nyumba za kijiji zilibomolewa. Brilliana alikataa kusalimu amri, akavuta muda kwa kujibizana kwa barua na adui, hata na mfalme mwenyewe. Baada ya wiki saba hivi, wanajeshi hao waliondoka kwenda Gloucester. Mara moja aliagiza maboma yao ya udongo yasawazishwe, kisha akatuma askari wake kushambulia kambi ya adui huko Knighton.

Kifo na urithi

Katika barua yake ya mwisho kwa Edward, ya Oktoba 1643, alitaja kwamba ana mafua makali. Alifariki mwishoni mwa mwezi huohuo, mumewe akiwa bado London. Ngome ilizingirwa tena mwaka 1644, ikatekwa na kuchomwa moto. Watoto wake watatu wadogo walichukuliwa mateka, lakini waliokoka.

Barua zake karibu 375 zimehifadhiwa. Sehemu kubwa ya zile alizomwandikia Edward ilichapishwa mwaka 1854, na wanahistoria huzitumia kueleza maisha ya wanawake na familia wakati wa vita hivyo. Mjukuu wake, Robert Harley, aliongoza serikali ya Malkia Anne.